Kushinda Kituoni

Nakiri kwamba sikuiona. Kwa miaka mingi nimewaacha ndugu zangu waamini kuwa sentensi ile niliisuka kwa ujanja, kwamba nilikaa mezani na shahada yangu ya Kiswahili nikaupanga utata wake neno kwa neno. Nimelaumiwa kwa ajili yake, nimesifiwa kwa ajili yake, na mara moja, kwenye arusi, nimeombwa niwasimulie wageni. Nilikubali yote. Ni afadhali uitwe mjanja kuliko watu wajue kwamba uliandika kanuni moja fupi na hukutambua ina maana mbili.

Sentensi yenyewe ilihusu vita vya angani. Kilichokuwa kikigombaniwa kilikuwa firigisi ya kuku.

Ilikuwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Shieywe. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha. Mdogo wangu alikuwa bado hajamaliza, ila chuo chake kilikuwa kimefungwa baada ya wanafunzi kurusha mawe, na hakuna aliyejua kitafunguliwa lini. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na wasomi wawili wasio na kazi, na mvua ya Kakamega inayoanza baada ya chakula cha mchana kana kwamba imeajiriwa. Mchezo ulitufaa.

Mdogo wangu alikuwa ameachiwa mchezo huo na mwalimu mmoja wa kujitolea, mgeni kutoka ng'ambo, aliyemfundisha sekondari na ambaye siku ya kurudi kwao hakuwa na nafasi kwenye sanduku. Lilikuwa boksi pana lenye ramani ya anga, nyeusi, iliyogawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Ndani mlikuwa na dadu, kijitabu cha kanuni kwa Kiingereza, na meli za anga zilizochapwa kwenye vipande vya karatasi ngumu. Nyingi kati ya hizo meli zilikuwa zimetafunwa na mende, tukaweka vizibo vya soda badala yake.

Kisa tulichokipenda kilikuwa cha msafara. Meli tano za mizigo, zikilindwa na meli mbili za vita, hutoka upande mmoja wa ramani kwenda kwenye kituo kilicho upande wa pili. Maharamia huvizia katikati na meli zao nne. Meli ikipigwa ikaisha nguvu, tulisema imeliwa, kama kwenye drafti. Raundi zikiisha, unaangalia masharti ya ushindi yaliyoandikwa kwenye kijitabu na kujua nani kashinda.

Sikutarajia wazee waingie. Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyesahihisha matangazo ya kanisa kwa kalamu nyekundu kabla ya kuyakunja na kuyatia kwenye Biblia. Jumapili ya kwanza alipita akasema tunacheza kama watoto wa chekechea. Ya pili alisimama nyuma ya kiti cha mdogo wangu. Ya tatu alimwambia, "Sogea, unaharibu," akakaa upande wa maharamia, na hakuondoka hapo tena.

Senge alipoona Baba anafurahi, alitaka kujua anafurahia nini. Senge ndiye shangazi yetu, dada mkubwa wa Baba, mjane aliyepanga nyumba si mbali na kwetu na kuuza nguo za mitumba Lubao siku za soko. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu kunywa chai. Alikuwa amemlea Baba mgongoni, na hakuona kwa nini kustaafu kwa ualimu mkuu kumfanye amwite kitu kingine zaidi ya kijana.

"Hii ni nini mnasukumanga hapa?" aliuliza.

"Vita, senge," mdogo wangu akamwambia. "Hizi ni meli za angani."

"Meri? Juu mawinguni?"

"Meli," Baba akasahihisha bila kuinua macho.

"Hiyo hiyo meri. Na hizi zinakimbia zinapeleka nini?"

"Mizigo, sokoni," mdogo wangu akasema, akijua anachofanya.

Senge akavuta kiti, akakaa upande wa msafara. Nikatafsiri kanuni zote kwa Kiswahili kwa ajili yake, nikaziandika kwa mkono kwenye upande wa ndani wa kifuniko cha boksi, na tangu hapo mchezo ukawa wa Kiswahili. Mambo mengine yote ya nyumbani tuliyasema kwa Kiluhya.

Baba alimshinda Jumapili ile, na iliyofuata, na nyingine zote. Alikuwa akizila meli zake za mizigo moja moja huku akivuma wimbo wa kanisani. Jumapili moja, kizibo cha mwisho kilipoondolewa, senge akakung'uta leso yake na kusema:

"Kijana, sikiza. Siku nitakupiga, imondo ya Krismasi itakuwa yangu."

Mama, aliyekuwa akimimina chai, alisimama na birika hewani.

Imondo ni firigisi. Kwetu, kuku akichinjwa, kipande hicho kidogo ni cha mwenye nyumba. Senge alipokuwa msichana, wanawake hawakula ingokho, yaani kuku, kabisa. Walimfuga, wakamkimbiza, wakamchinjisha, wakampika, wakamtenga mezani, wakarudi jikoni kula mboga. Hayo yalikuwa yamekwisha zamani, na senge alikuwa akila paja kama mtu yeyote. Lakini imondo ilibaki palepale, kwenye sahani ya mwanamume. Aliyemzaa alikuwa ameila, mumewe aliila, na sasa kila Krismasi mdogo wake, ambaye yeye ndiye aliyemfuta kamasi, aliila mbele yake, na kuku mwenyewe alikuwa ametoka kwenye banda la senge.

"Utaipata," Baba akasema, akicheka. "Ukinipiga."

Ilikuwa ahadi rahisi. Jioni ile mdogo wangu aliniita nje. "Dada, kile kisa hakina haki. Msafara unatakiwa ufikishe meli nne kati ya tano. Hata mimi siwezi. Senge hatashinda hata akisaidiwa na malaika."

Tulimpelekea Baba hoja hiyo tukitarajia akatae. Lakini tulikuwa tumemgusa pale alipokuwa mwalimu. Alifikiri, akasema mtihani usiofaulika si mtihani. Tungetengeneza masharti mapya, yeye angeyakubali, na mechi ya imondo ingechezwa siku ya Krismasi. Mimi nilipewa kazi ya kuandika, kwa sababu ya ile shahada.

Nilidhani ni kazi ya dakika chache. Punguza nne iwe tatu, basi. Tukajaribu katikati ya wiki, mdogo wangu na mimi, tukibadilishana pande: meli tatu, maharamia bado wanashinda. Tukashusha ziwe mbili, na hapo msafara ukawa haushindiki. Ulituma meli mbili zikiwa zimebanwa na walinzi, ukaziacha zile tatu nyuma zizubae kama ng'ombe waliofungwa, maharamia wakale washibe. Baba alipoijaribu aliudhika. "Hii si vita. Hii ni kusindikiza watoto shule."

Nikaongeza alama kwa kila meli iliyoliwa. Sasa maharamia wakawa wavivu: walikula zile tatu zilizozubaa, wakageuka kwenda zao, na raundi zilizobaki tukawa tunasukuma vizibo bila mtu kumgusa mwenzake. Nilianza kuelewa kitu ambacho sikufundishwa chuoni. Ukibadilisha kinachoitwa ushindi, meli ni zile zile na dadu ni lile lile, lakini watu waliokaa mezani wanakuwa watu wengine. Mtu jasiri anakuwa mwoga, na mwoga anakuwa mhasibu.

Jibu lilitoka kwenye manung'uniko. Jumapili moja senge alifikisha meli moja kituoni, na kwa masharti ya siku hiyo haikutosha.

"Si nimefika!" akalalamika. "Nimefika kituo! Mnataka nifanye nini tena, nilale hapo?"

Baba na mdogo wangu walicheka. Mimi nilikwenda kutafuta kalamu. Kwa nini isilale hapo? Meli moja tu ingetosha, ila isiguse kituo tu ikahesabiwa. Ikae pale, ivumilie kupigwa hadi raundi ya mwisho. Hapo msafara ungelazimika kuwahi lakini pia kubakiza walinzi wa kusimama mlangoni, na maharamia wasingeweza kushiba njiani, kwa sababu kazi yao ingekuwa inawasubiri mwishoni. Tukajaribu wiki nzima. Mara alishinda huyu, mara yule. Kabla ya kila mchezo tuliulizana nani anataka upande gani, na siku tuliposhindwa kuchagua, tukajua tumefika.

Nikaiandika kanuni kwenye kifuniko, kwa mwandiko wangu mzuri: *Raundi ya mwisho ikiisha, msafara umefaulu iwapo meli yake yoyote ya mizigo imefika na kushinda kituoni.*

Nilijivunia lile neno kushinda. "Kukaa" lingekuwa baridi, "kubaki" lilikuwa la mkiwa. Kushinda, kama mtu anavyoshinda shambani au kwa jirani, mchana kutwa. Nililiona neno moja tu, lenye maana moja tu. Baba aliisoma kanuni hiyo mara mbili, akatia saini chini yake.

Krismasi ikafika. Senge alimleta jogoo mwekundu akiwa amembana kwapani, akamkabidhi Mama. "Huyu nimemlishanga mwenyewe. Imondo yake iweke kando. Mtu asiiguse mpaka tumalize."

Tulicheza tulipotoka kanisani, huku harufu ikitoka jikoni na Mama akipita kila mara kuuliza kama anga bado haijaisha. Imondo ilikuwa tayari, kwenye kisahani chake katikati ya meza, imefunikwa na bakuli.

Sijawahi kumwona senge akicheza vile. Aliziachia meli mbili mapema, akazitupa upande wa kushoto, na Baba alipoenda kuzila, zile nyingine zikapita kulia.

"Kula, kijana, kula," akawa anasema. "Ushibe. Chakula ni mingi."

"Ni kingi."

"Basi kula kingi."

Lakini Baba naye hakuwa mgeni. Alirudi mbio, akala mlinzi mmoja, akala mzigo wa tatu kwenye mlango wa kituo, na wa nne ulipoingia akaupiga hapohapo ndani. Kikabaki kizibo kimoja cha soda ya machungwa, kituoni, na mlinzi mmoja aliyekuwa karibu kuzimia. Maharamia wawili waliosalia walikuwa kando yake, wazima. Mlinzi akaliwa. Raundi ya mwisho, Baba akihitaji tano au sita, alitikisa dadu mkononi, akalipuliza, akalirusha. Lilibiringika hadi kwenye kisahani cha imondo, likagonga, likaonyesha mbili.

Senge alisimama, leso ikaanguka, hakuiokota.

"Nimeshinda!"

Alikuwa tayari ameshika bakuli alipoinua Baba mkono.

"Umeshinda nani?"

"Wewe!"

"Mimi ninazo meli mbili, nzima. Wewe una moja, imejificha. Hebu tusome." Akavaa miwani, akageuza kifuniko cha boksi. "'Imefika.' Sawa, imefika, sikatai. 'Na kushinda kituoni.' Imemshinda nani hapo kituoni? Nionyeshe haramia mmoja iliyemshinda."

"Kushinda ni kukaa!" mdogo wangu akasema. "Imeshinda pale, Baba, kama mtu anavyoshinda mahali."

"Haya ni masharti ya ushindi. Kwenye masharti ya ushindi, kushinda ni kushinda. Nimefundisha Kiswahili tangu hujazaliwa. Hakuna kushinda bila mpinzani."

Halafu wote watatu wakanigeukia, na Mama akatokea mlangoni akiwa na mwiko.

"Mwalimu," senge akaniambia. Aliniita hivyo ingawa nilikuwa bado sijapangiwa shule. "Wewe ndiye uliandika. Waambie ulisema nini."

Ningesema neno moja tu: kukaa. Senge angekula imondo yake ikiwa bado na joto. Lakini dakika ile ndipo nilipoiona maana ya pili, imekaa wazi katikati ya sentensi yangu, na Baba akinitazama juu ya miwani kama alivyowatazama watoto walioandika insha bila nukta. Nikasikia sauti yangu ikitoka, na ilikuwa sauti ya mhadhiri wangu wa fasihi.

"Sentensi hiyo," nikasema, "ina utata wa makusudi."

"Wa nini?" Mama akauliza.

Nikaeleza. Sikumbuki vyote, na ninavyokumbuka sitavirudia. Nilisema neno linaweza kubeba maana mbili ili msomaji ashiriki.

"Swali lenye utata hufutwa," Baba akasema. "Mechi irudiwe."

"Sirudii kitu," senge akajibu. "Kama zote mbili ni za kweli, basi hata yangu ni ya kweli."

Mama akashauri ikatwe nusu. Walimkatalia kwa pamoja, wakisaidiana hoja. Nusu ya imondo, walikubaliana, si imondo. Chakula kikapoa. Mwishowe Mama alikichukua kisahani, akafungua mlango wa nyuma, na paka wa jirani akawa ndiye mwenye nyumba Krismasi ile.

Mtu atadhani waligombana. Walinenepa. Mwaka mzima walikuwa na la kuzungumza. Baba alibeba kamusi hadi kwa senge, senge akamwambia hajui kusoma maandishi madogo. Senge alikataa kabisa kugusa ramani: aliyekwisha kushinda, alisema, hashindani tena. Mimi kila nilipoulizwa nilitabasamu kama mtu mwenye siri, na siri yenyewe ilikuwa kwamba sikuwa nayo.

Kabla mwaka haujaisha nilipangiwa shule mbali, nikaolewa huko huko, na Krismasi iliyofuata ilinikuta Voi, kwa wakwe zangu. Huko nilizoea kuulizwa kila jioni nimeshindaje. Kwetu Kakamega salamu hiyo hatuna mazoea nayo. Tuna mulembe, na mulembe inatutosha.

Baba naye mwaka ule alikuwa ameingiziwa simu. Ilikaa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na kufuli kwenye duara la namba ili mdogo wangu asipige. Baba aliiona simu kuwa ni ofisi, kwa hiyo akiishika alizungumza Kiswahili sanifu tu, hata na Mama.

Mchana wa Krismasi nilisimama kwenye kibanda cha simu karibu na posta, jua la Voi likinikaanga, mume wangu akinishikia sarafu. Nilijua huko nyumbani wako mezani. Nilijua kuna jogoo wa senge, na kisahani kilichofunikwa, na watu wawili wanaokitazama. Nilikuwa nimepanga, naapa, kusema ukweli wangu hatimaye.

"Halo," Baba akasema.

"Baba, ni mimi. Krismasi njema. Mmeshindaje huko?"

"Tumeshinda salama, mwanangu. Kanisani nimewahi kurudi kwa sababu ya mvua. Nimeshinda hapa nyumbani tu, na senge yako, na…"

Nilisikia mvua ya kwetu kwenye mabati. Sarafu ikadondoka ndani ya simu.

"Baba?"

Nyuma yake, sauti ya senge, taratibu, kama mtu anayemkaribia kuku: "Umesema umefanya nini nyumbani?"

"Ninazungumza kwa simu, dada."

"Nimesikia. Rudia, mwalimu. Umefanya nini hapa nyumbani?"

Baba alisafisha koo, kama alivyofanya zamani kabla ya kusoma matokeo mbele ya shule nzima.

"Nimeshinda."

"Na ulipigana na nani, kijana?"

Nilisikia mdogo wangu akipiga kelele, kiti kikiburutwa, na Baba, mdomo ukiwa mbali na simu, kwa Kiluhya safi, akimwambia Mama amsogezee dada yake kisahani. Aliporudi kwangu sauti yake ilikuwa na kicheko alichokuwa akikificha.

"Ulinitega," akasema. "Tangu mwaka jana ulinitega. Shahada hiyo haikupotea bure."

Ndipo ingefaa nikiri. Nilifungua mdomo, na senge akawa ameshachukua simu. Alikuwa akitafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, kwa sarafu zangu.

"Kumbe ndiyo hii?" akasema. "Ni ngumu kama soli ya kiatu."

"Basi iache, senge."

"Niiache?" akasema, akiendelea. "Nitashinda nayo hapa mpaka jioni."